Namna ya kuingia gurdwara, kuanzia viatu hadi sahani

Ukipita Arusha mjini au Moshi ukaona mlingoti mrefu uliovishwa kitambaa cha rangi ya machungwa au buluu toka chini hadi juu, na kileleni bendera ya pembetatu, hapo ni gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikh, ambao mtaani tumezoea kuwaita Singasinga au Kalasinga. Mlingoti ule huitwa Nishan Sahib, na hutumika kumwonyesha msafiri kwa mbali kwamba hapa pana chakula na pa kupumzika. Mlango uko wazi kwa mtu wa dini yoyote. Wengi wamepita nje miaka nenda rudi bila kuingia, na aghalabu sababu ni woga wa kukosea.

Ya kukosea si mengi, na karibu yote yanatokana na jambo moja: ndani ya gurdwara kuna mmoja tu anayekaa juu, naye si mtu. Ni kitabu. Wengine wote, awe mwenye hoteli au mchunga ng'ombe, wanakaa chini sakafuni. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya mwongozo huu ungeweza kuikisia mwenyewe.

Kabla ya kutoka nyumbani

Usikh hauna siku takatifu ya wiki. Watu hujaa Jumapili kwa sababu ndiyo siku hawaendi kazini, basi. Saa za ibada hutofautiana, kwa hiyo pita getini siku moja kabla umuulize mlinzi. Wakati huohuo ulizia kama kuna harusi, maana siku ya harusi ukumbi hujaa na mgeni anayetaka kuelezwa mambo hatapata wa kumweleza. Sikukuu mbili zinazomfaa mgeni ni Vaisakhi, tarehe 13 au 14 Aprili, na kuzaliwa kwa Guru Nanak, mwalimu wa kwanza wa Wasikh, ambako hufuata mwezi na kwa kawaida huangukia Novemba. Aprili kwetu ni masika. Beba mfuko wa kutilia viatu vyenye tope na kitambaa cha kufutia miguu, kwa sababu sakafu ya ukumbini mara nyingi hutandikwa mashuka meupe.

Vaa nguo inayofunika magoti na inayokuruhusu kukunja miguu ukae chini kwa saa nzima. Sketi ya kubana na suruali ya kubana zitakutesa wewe, si wao.

Kichwa lazima kifunikwe, mwanamume kwa mwanamke, mtoto kwa mzee. Mtandio unatosha, kilemba kinatosha, hata shuka ya Kimasai inatosha. Khanga nayo inafaa, ila soma jina lake kwanza. Ile uliyonunua kumpiga jirani kijembe iache nyumbani. Kapelo haifai. Mlangoni huwa na kapu la vitambaa vya wageni, lakini vingi ni vya nailoni na huteleza. Ni afadhali ubebe chako cha pamba, mraba wa sentimita 60 hadi 70. Ukunje kuwa pembetatu, upande mrefu uuweke juu kidogo ya nyusi, pembe ya tatu ining'inie kisogoni. Ncha mbili zipitishe nyuma juu ya ile pembe na uzifunge chini ya uvimbe wa kisogo, halafu pembe iliyobaki uichomeke ndani ya fundo. Watu hukosea kwa kufunga fundo juu ya ule uvimbe: ukiinama mara moja, kitambaa chote kinakuja mbele ya macho.

Tumbaku ni mwiko mkubwa. Si kuvuta ndani tu; hata pakiti ya sigara mfukoni usiingie nayo, na ugoro pia ni tumbaku, wazee wetu wakumbushwe hilo kwa upole kabla ya kushuka kwenye daladala. Mirungi vilevile. Kama umetoka sherehe ya Kichagga na umeonja mbege, hata kata moja, ahirisha uende siku nyingine. Mwenye sime au rungu amwachie mlinzi.

Mlangoni

Vua viatu, viweke kwenye rafu, nawa mikono. Pakiwa na bomba la miguu, nawa na miguu. Soksi si tatizo. Zima simu, na kabla ya kupiga picha yoyote omba ruhusa.

Salamu ni viganja viwili vilivyokutanishwa kifuani na maneno "Sat Sri Akal", yaani kweli ni yeye asiyekufa. Ukikutana na mzee, "shikamoo" inapita vizuri kabisa. Wengi wamezaliwa hapahapa na watakujibu "marahaba" kabla hujamaliza. Kuna salamu ndefu zaidi, "Waheguru Ji Ka Khalsa, Waheguru Ji Ki Fateh", ambayo utaisikia wakipeana wenyewe. Huna haja ya kuijaribu.

Ukumbini

Mbele kabisa, chini ya kitu kama chandarua cha heshima, kuna jukwaa lenye mito na vitambaa vya thamani. Juu yake ndipo kilipo Guru Granth Sahib, kitabu chenye kurasa 1430. Nyuma yake ameketi mtu anayepunga kitu kama usinga wa nywele nyeupe. Huyo si kuhani, kwa maana Usikh hauna makuhani. Anaitwa granthi, msomaji na mlinzi wa kitabu, na kazi hiyo inaweza kufanywa na mwanamume au mwanamke. Usinga ule ni heshima iliyokuwa ikitolewa kwa wafalme. Asubuhi kitabu hufunguliwa kwa ibada, na jioni hufungwa na kubebwa kichwani hadi kwenye chumba chake cha kupumzikia.

Mgeni akiona hayo huwaza kwamba kitabu kinaabudiwa. Hakiabudiwi. Anayeabudiwa ni Mungu mmoja, asiye na umbo, asiyezaliwa. Maneno ya kwanza kabisa ya kitabu ni Ik Onkar, Mungu ni mmoja. Kitabu ni Guru, yaani mwalimu. Wa kwanza wa walimu hao alikuwa Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 Talwandi, mji ambao leo uko Pakistani na huitwa Nankana Sahib. Walimfuata wengine tisa. Mkusanyo wa kwanza wa kitabu ulikamilishwa na Guru Arjan, wa tano, mwaka 1604, ukawekwa Amritsar. Guru wa kumi, Gobind Singh, kabla ya kufariki mwaka 1708 alisema baada yake hakutakuwa na mtu mwingine wa kuitwa Guru. Mwalimu atakuwa ni kitabu. Ndiyo maana kinakaa juu, na ndiyo maana kinapepewa.

Jambo moja zaidi ambalo sisi tunaoishi msikiti ukuta kwa ukuta na kanisa tungelipenda: ndani ya kitabu hicho zimo tungo za watu wasio Wasikh. Yumo Farid, sufi wa Kiislamu. Yumo Kabir, mfumaji. Yumo Ravidas, fundi wa ngozi, kazi iliyodharauliwa kuliko zote katika India ya wakati ule. Msikh anayeinama mbele ya kitabu anainamia na maneno ya fundi viatu.

Sasa hatua zenyewe. Tembea taratibu hadi mbele ya jukwaa. Kuna sanduku la sadaka. Weka chochote au usiweke, hakuna anayehesabu. Wenyewe hupiga magoti na kugusisha paji la uso sakafuni. Wewe ambaye si Msikh hulazimiki. Ikiwa imani yako haikuruhusu kusujudu mbele ya chochote, simama kidogo, inamisha kichwa kwa heshima, ondoka. Hakuna atakayekukazia macho. Kisha pita pembeni, tafuta nafasi, kaa. Mara nyingi wanawake hukaa upande mmoja na wanaume mwingine, lakini ni mazoea tu, hakuna sheria.

Kunja miguu. Usiinyooshe kuelekea kitabu, na usikae ukikipa mgongo. Mwenye magoti mabovu aketi nyuma kabisa, ukutani, ambako huwekwa viti au mabenchi. Asing'ang'anie mbele halafu akajikuta ananyoosha mguu kwa maumivu katikati ya ibada.

Utakachosikia zaidi ni kuimba, kirtan, kwa harmonia na tabla. Aliyekulia kwenye taarab ya zamani ya pwani atazitambua sauti hizo mara moja. Usipige makofi wimbo ukiisha. Mwishoni wote husimama wameunganisha viganja kwa ajili ya Ardas, sala ndefu ya pamoja. Simama nao, kaa kimya. Baada yake wote hukaa, kitabu hufunguliwa bila kuchagua ukurasa, na shairi la juu upande wa kushoto husomwa kwa sauti. Huo ndio hukam, neno la siku hiyo. Usiondoke kati ya Ardas na hukam. Ukiwa na haraka, toka kabla.

Kitu cha moto kwenye kiganja

Baada ya hukam anapita mtu na bakuli. Unganisha viganja viwili kama unayekinga maji ya bomba, viinue mbele ya kifua, na utawekewa donge la karah parshad: laini, la moto, linalong'aa samli. Likule palepale ulipokaa. Ni tamu, na mikono itabaki na mafuta. Wenyewe hujipaka mikononi, wewe tumia tishu uliyokuja nayo. Ukiona bakuli limefika usinyooshe mkono mmoja kama unayepewa chenji. Usilikatae ukishakinga, wala usilitupe. Ukiwa umefunga, omba kidogo tu ulifunge kwenye tishu ukafuturu nalo. Ukiwa hutaki kabisa, unganisha viganja vikiwa vimefungwa, tikisa kichwa kidogo, atapita.

Jina linatokana na chombo linachopikiwa, karahi. Ni neno lilelile letu la karai, hata lile la kubebea zege.

Upishi wake una kanuni moja isiyovunjwa: unga, sukari na samli viwe sawa kwa uzito. Tumia mizani, kwa sababu kikombe cha sukari ni kizito kuliko kikombe cha unga. Kwa watu 60 hivi: gramu 500 za unga wa ngano usiokobolewa, ule wa atta, gramu 500 za sukari, gramu 500 za samli ya ng'ombe, na maji lita 1 na nusu. Haiwekwi iliki, haiwekwi zabibu kavu, haiwekwi lozi. Si halua ya Zanzibar, na mpishi anayeiongezea manukato ameshaigeuza kitu kingine.

Mpishi ameoga, kichwa amefunika, na hukoroga huku akitamka maneno ya sala. Chemsha maji na sukari pembeni hadi sukari iyeyuke yote. Acha yabaki ya moto sana. Kwenye karai zito yeyusha samli, mimina unga, koroga kwa moto mdogo bila kuacha. Dakika 5 za kwanza unga utakuwa kama matope. Endelea. Baadaye utalegea, utaanza kutoa povu dogo, na harufu itageuka kutoka ya unga mbichi kuwa ya karanga zinazokaangwa. Rangi ikifikia ile ya korosho iliyoiva vizuri, dakika 12 hadi 15, mimina ile sukari ya moto kidogokidogo ukipitishia ukingoni mwa karai. Hapo ndipo watu huungua: maji yakikutana na samli ya moto hurukaruka, kwa hiyo vaa mikono mirefu, shika mwiko mrefu, na usiweke uso juu ya karai. Koroga hadi donge liachie kuta na samli ianze kujitokeza pembeni.

Likitoka na ladha ya unga, ulikaanga haraka. Likiwa na mabonge, maji yalikuwa yamepoa. Likiwa chungu, moto ulikuwa mkubwa na unga wa chini umeungua. Hilo halina dawa, anza upya. Wala usionje. Chakula hiki hutolewa kwanza kwa Mungu: hupelekwa ukumbini kimefunikwa, na wakati wa Ardas hukatwa kwa ncha ya kirpan, kisu cha heshima cha Wasikh, ndipo kinagawiwa.

Langar

Kutoka ukumbini watu huelekea kwenye jiko na ukumbi wa chakula, langar. Chakula ni bure, kwa yeyote, na hata kama ibada hukuhudhuria utalishwa. Madereva wa malori wanaopita barabara ya Nairobi kwenda Mombasa wanaijua gurdwara ya Makindu kwa sababu hii.

Kaa chini kwenye mstari, pangat, popote penye nafasi. Usichague jirani. Ndiyo maana yenyewe. Guru Nanak aliishi katikati ya watu waliokataa kula na mtu wa tabaka la chini, na dawa iliyowekwa ikawa hii ya sakafuni: wote usawa mmoja, sufuria moja. Mapokeo ya Wasikh yanasimulia kwamba hata mfalme Akbar wa India, alipokwenda kumwona Guru Amar Das, wa tatu, aliketi kwanza kwenye mstari akala.

Hakuna nyama, samaki wala mayai. Mwislamu anayejiuliza kuhusu kuchinjwa na Mhindu asiyekula ng'ombe wote wako salama. Utapewa sinia la chuma lenye vyumba: dengu au choroko, mboga, wali, pengine mtindi, achari, na wali wa maziwa. Chapati hupokelewa kwa mikono miwili. Si hizi zetu za mafuta na matabaka. Ni nyembamba, kavu, hupakwa samli juu tu. Wahudumu watapita tena na tena, na watu wetu hukosea hapa kwa adabu: mgeni anaona haya kukataa, anajaziwa, anabakiza. Kubakiza ndiko kubaya. Omba kidogo, ongeza baadaye. Ukishiba funika sinia kwa kiganja.

Mtu aliye mbele yako

Msikh aliyepokea amrit, ibada ya kuapishwa iliyoanzishwa na Guru Gobind Singh huko Anandpur mwaka 1699, huvaa vitu vitano. Nywele zisizokatwa, kesh. Kitana cha mti, kangha. Bangili ya chuma, kara. Kaptula ya ndani, kachera. Na kirpan, kisu kilichomo alani, ishara ya wajibu wa kumtetea mnyonge. Kirpan si sime ya kukatia kamba. Usiiguse, usiombe uchomolewe uione. Kilemba nacho usikishike hata kwa utani.

Wapo wengi wasiopokea amrit, na wapo wanaonyoa. Usimuulize mtu kwa nini hana kilemba. Ni kama kumuuliza Mkristo uliyekutana naye leo kwa nini hakwenda kushiriki meza. Wanaume huongezewa jina Singh, simba, na wanawake Kaur, binti mfalme. Wazo lilikuwa kufunika majina ya ukoo yaliyokuwa yakitangaza tabaka.

Wakikueleza imani yao, watarudia mambo matatu: kulikumbuka jina la Mungu, kula jasho lako, na kugawana ulichonacho. La pili linaeleza mengi kuhusu sifa yao ya ufundi Afrika Mashariki, kwenye reli, useremala na gereji. Hawafungi, hawahiji kwa lazima, wala hawamwambii mtu aache dini yake.

Ukitaka kusaidia jikoni

Kazi ya kujitolea, seva, iko wazi kwa mgeni pia. Nawa, funika kichwa, uliza msimamizi wa jiko. Kwa watu 100 hesabu ni hii: dengu zilizoparazwa kilo 5 hadi 6, maji lita 20 na mengine ya moto ya kuongezea, unga wa chapati kilo 9 hadi 10, kila kilo ikitoa chapati 30 hivi. Ukitumwa kununua, soko la Kilombero kwa Arusha na la Mbuyuni kwa Moshi utapata vyote. Chambua mawe kabla ya kuloweka, si baada.

Loweka dengu usiku kucha. Arusha iko mita 1400 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, kwa hiyo muda uliozoea Dar es Salaam hautoshi. Moshi iko chini zaidi na dengu huwahi kidogo. Nyanya ziingie dengu zikishalainika. Ukizitanguliza, uchachu wake huzifanya dengu zikatae kuiva, na utawalaumu wenye kuni bure. Vitunguu, tangawizi, binzari na bizari nyembamba hukaangwa kando na kumiminwa mwisho.

Chapati: kwa kilo ya unga maji ni mililita 650 hivi, hakuna mafuta. Kanda, acha upumzike nusu saa, kata madonge ya gramu 50. Sukuma kingo ziwe nyembamba sawa na katikati, la sivyo haitafura. Futa unga mkavu kwenye chuma kila baada ya chapati chache, maana ukiungua huacha vidoa vyeusi na uchungu.

Asiyejua kusukuma chapati ataelekezwa kwenye masinia. Hiyo ndiyo kazi yenye nafasi siku zote: makombo kwenye ndoo ya kwanza, sabuni ya pili, suuza ya tatu na ya nne, sinia lipangwe likiwa limeinamishwa. Badilisha maji ya ndoo ya tatu kila baada ya masinia 40 hivi. Yakipata utelezi wa samli, unasambaza mafuta tu.

Kitambaa cha kichwa ulichoazimwa kirudishe kapuni ukiwa umeshavaa viatu vyako nje.